Penalti ya Gizani

Mjomba hakutaka makuu, alitaka ukumbi wake ujae tu. Miaka mingi alituachia Jumamosi zake bure, mimi na kikundi changu cha maigizo, kwa kuwa mama yangu ni dada yake na damu ni nzito kuliko maji. Kisha akanunua runinga pana kama mlango, na damu ikaanza kuwa nyepesi. Akatuambia siku ya fainali tuigize kwanza, mpira ufuate. Tukijaza viti, tutabaki. Tusipojaza, tutafute pengine, naye asilaumiwe.

Hatukujaza. Waliokuja walihesabika kwa vidole, na mshona viatu wa mtaani, aliyekaa mbele kabisa, aliniambia bila haya kwamba amewahi nafasi ya mpira. Tulipomaliza alipiga makofi kama mtu anayefukuza nzi. Punde hapakuwa na pa kukanyaga. Niliudhika, sikatai. Lakini nilibaki kwenye pazia nikiwachungulia, maana nilitaka kujua. Watu waliotazama mama wa igizo letu akizikwa jukwaani huku wakitafuna karanga, sasa walishika vichwa kwa sababu kijana wasiyemjua kateguka mguu. Ana nini huyu ambacho sisi hatuna?

Kipindi cha pili, timu zikiwa sare, umeme ukakatika. Mtandao wa simu nao ukaondoka. Zikazuka kelele, nikavihofia viti vya mjomba. Mshona viatu alikuwa na redio ndogo ambayo spika yake ilikufa zamani, ikawa inasikika kwa waya wa sikioni tu. Kila mtu akaitaka. Ndipo mdogo wangu, tunayemwita Kinyonga kwa kuwa anaweza kumwiga mtu yeyote, akamwomba mzee, akapanda nayo jukwaani. Mjomba akammulika kwa tochi.

Hakuutangaza mpira, aliucheza. Alikuwa refa mwenye kitambi, akawa kipa anayewagombeza mabeki wake, akawa nahodha anayechechemea na kukataa kutoka. Watu wakacheka, wakanyamaza, wakavuta viti mbele. Hata mimi nilisahau kuwa nina hasira.

Mwishoni tukapata penalti. Kinyonga akaweka chini mpira usiokuwepo, akarudi nyuma, kisha akaigonga redio kwa kidole na kunitazama. Betri ilikuwa imekata roho. Kilichobaki kilikuwa mikononi mwake. Angeweza kuwapa watu walichotaka, mjomba angefurahi, na ukumbi ungebaki wetu. Nilimkonyeza afunge.

Akapiga. Akaufuata mpira kwa macho, na sote tukauona ukigonga mwamba. Mpigaji hakuficha uso. Alitembea taratibu, akauokota mpira, akampa kipa wa wale wengine mkononi, akaketi chini. Mshona viatu alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta.

Umeme ukarudi. Kwenye runinga wachezaji wetu walikuwa wanarukaruka, na mpigaji wa penalti amebebwa mabegani. Mpira ulikuwa umeingia. Watu wakapiga mayowe, wakakumbatiana, wakapanda juu ya viti, na mjomba akacheza peke yake kama bwana harusi. Nikasema moyoni, tumekwisha. Kinyonga alibaki ameketi pale pale jukwaani, anatamani ardhi ipasuke.

Mshona viatu alishangilia kama wenzake. Kisha akakaa, akaitazama runinga kidogo, akaipa mgongo.

"Mwanangu," akamwambia Kinyonga, "yule aliyekosa. Akifika nyumbani atawaambia nini?"

"Hakukosa, mzee. Nilibuni tu. Si huyo hapo wamembeba?"

"Huyo nimemwona. Mimi namuuliza yule wako."

Waliokuwa karibu wakageuka. Kinyonga akanitazama, nami nikamwashiria aendelee. Mjomba akatafuta rimoti, akapunguza sauti ya runinga, akavuta kiti.