Mwalimu wa Bongo Moto

Niseme ukweli mapema: mimi nikishindwa sinyamazi. Nikishindwa kwa haki nanung'unika, na nikionewa utanisikia kutoka Kitale mpaka Bungoma. Kwa hivyo ile Jumamosi ya fainali Emmy aliponiambia, "Auntie, aki leo usigombane na mtu," nilimwambia aniombee, maana kwa nguvu zangu siwezi.

Jina langu ni Phelista. Wiki nzima nauza njugu karanga sokoni Kitale, na huko naitwa Mama Njugu. Lakini Jumamosi saa kumi jioni nafunga meza mapema, nakaa juu ya gunia, nafungua simu, na kwenye kikundi cha WhatsApp kinachoitwa Bongo Moto naitwa Mwalimu.

Bongo Moto ni chemsha bongo. Tuko watu kama arobaini, wengi wa Bungoma na Kitale, na hatujuani kwa sura. Rina, mwenye duka la vitabu na kalamu pale Bungoma mjini, anatuma swali, na wa kwanza kujibu kwa sauti anapata pointi. Kuandika jibu hakuruhusiwi, ati kwa sababu mwenye kuandika ana nafasi ya kuchungulia mtandaoni. Siku yangu ya kwanza Rina aliuliza pweza ana mioyo mingapi. Nikasema mitatu, na damu yake ni ya buluu. Wee! Kikundi kikawaka. Wabwile, mwalimu mkuu mstaafu wa kule Kabuchai, ambaye alikuwa hajashindwa tangu kikundi kianze, akauliza: "Huyu lazima ni mwalimu mwenzangu. Mama, unafundisha somo gani?"

Sijui shetani gani alinishika kidole. Nikaandika: "Yote."

Yote! Mimi niliyeacha shule darasa la sita!

Hayo ninayojua nimeyatoa kwenye karatasi. Njugu zetu tunazifungia kwa karatasi: unaiviringa, chini inakuwa na ncha na juu mdomo, unajaza, unakunja, unampa mtu. Karatasi nanunua kwa kilo, magazeti ya zamani, vitabu vilivyotupwa, chochote. Na nina tabia moja ambayo wenzangu sokoni wanacheka mpaka wanachoka: siviringi karatasi ambayo sijaisoma. Mteja analalamika, "Mama Njugu, nipe bana, nachelewa!" Namwambia ngoja nimalize hapa chini. Miaka kumi na saba nasoma hivyo, nusu ukurasa hapa, robo pale, na kichwa changu hakitoi kitu kikishaingia.

Kwa hivyo wakaniita Mwalimu, na mimi nikaitika. Miaka miwili niliitika. Rina alipotangaza kwamba fainali ya mwaka huu, mimi na Wabwile, itafanyika uso kwa uso dukani kwake, nilifurahi mpaka nikamwaga sinia zima la njugu, halafu nikakumbuka kwamba mimi sio mwalimu. Ushindi nilitaka, tena sana. Lakini nilitaka zaidi kurudi Kitale nikiwa bado Mwalimu.

Nilivaa sketi ndefu ya kanisani na miwani ya kusomea, hata kama sikuwa na cha kusoma. Emmy, msichana anayesoma chuo kikuu Kibabii na aliyekuwa akinishangilia tangu siku ya pweza, alinipokea stendi. "Niaje auntie! Leo ni leo! Yule mzee tunamnyorosha!" Nilikuwa na mfuko wenye vikaratasi sitini vya njugu, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Emmy alipouliza nikasema nimenunua njiani. Uongo wa pili huo, nikauongeza kwa ule wa kwanza.

Dukani kulikuwa kumejaa. Watu niliowajua kwa sauti tu walikuwa na nyuso na vitambi, na kila mmoja alinishika mkono akisema, "Mwalimu! Kumbe ndio wewe!" Rina alikuwa mama mfupi, mkali, mwenye macho yanayocheka. Njugu zikaenda mezani pamoja na chai. Ukutani nyuma yake alikuwa amebandika vyeti viwili alivyochapa mwenyewe, vya rangi, vyenye fremu ya maua. Kimoja kilisema *Bingwa: Mwalimu Wabwile*. Kingine kilisema *Bingwa: Mwalimu Phelista*. Mshindi angepewa chake, cha mwingine kingechanwa. Nilikiangalia kile changu, nikahisi kulia, nikameza chai ya moto haraka ili nisingizie moto.

Kila mchezaji alitakiwa kuja na kitu chake cha kugonga. Wabwile, mzee mrefu mwenye koti la suti na kalamu tatu mfukoni, aliweka mezani kengele halisi ya shule. Mimi nikatoa kijiko na kopo langu la kupimia njugu.

"Kopo?" akasema Wabwile.

"Linasikika," nikamwambia.

Sheria zilikuwa rahisi. Simu zote zikawekwa kwenye karai. Wa kwanza kufika pointi kumi ameshinda. Ukikosea, swali linaenda kwa mwenzako. Na ukiona umeonewa unasema "Napinga," lakini hapo lazima useme jibu lako ulilitoa wapi, ndio Rina aangalie. Sheria hiyo Wabwile mwenyewe ndiye aliitunga, baada ya watu kuchoka kubishana kwa "mimi nilisikia tu". Alituandikia kwenye kikundi: "Asiyejua jibu lake limetoka wapi, akae kimya."

Tukaanza, na jamani, sijawahi kufurahi hivyo! Mfupa mdogo kabisa mwilini uko wapi? Kopo! Ndani ya sikio! Sayari gani siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake? Kengele! "Zuhura," akasema Wabwile, taratibu kama anaita majina darasani. Nchi gani imezungukwa yote na Afrika Kusini? Kopo, kengele, kopo! Rina akasema ni mimi. "Lesotho!" Emmy alikuwa amepanda juu ya kiti. Watu walikuwa wanagonga kaunta. Sita kwa sita. Saba kwa sita.

Halafu mji mkuu wa Burundi. Niligonga kopo kabla Rina hajamaliza. "Bujumbura!"

"Sio," akasema Rina.

"Gitega," akasema Wabwile. Akanigeukia. "Ilibadilishwa mwaka wa 2019, Mwalimu. Shuleni kwenu hamna ramani mpya?"

Watu wakacheka kwa wema tu, lakini mimi niliungua masikio. Hapo ndipo karatasi zangu zinaponiangusha. Zinakuja kwangu zikiwa zimezeeka, na dunia haiwezi kungoja mpaka gazeti lifike sokoni. Nilisonya kwa sauti. Rina akaniangalia, nikaomba msamaha.

Nane kwa nane. Tisa kwa nane, yeye. Kisha nikapata lile la damu ya kundi O, tukawa tisa kwa tisa.

Rina akachukua kadi ya mwisho. Maswali yake aliyatoa kwenye kitabu kimoja kinene cha maswali na majibu, na majibu aliyaandika nyuma ya kadi. "Mji mkuu wa Kazakhstan."

Kopo liliruka mezani kwa nguvu niliyoligonga. "Astana!"

Rina akageuza kadi. Akanitazama kwa huruma, na nikajua. "Sio."

"Nur-Sultan," akasema Wabwile.

"Sawasawa!" akasema Rina.

Kengele ikalia, watu wakaruka, mtu akamwaga chai. Emmy alishuka kwenye kiti, akafunika uso. Rina alishainua mkono kukibandua kile cheti cha Wabwile. Na mimi, kwa huu mdomo ambao mama yangu alisema utaniponza, nikasikia unasema:

"Napinga!"

Wabwile akavua miwani. "Vizuri. Ulilitoa wapi?"

"Nililisoma gazetini."

"Gazeti la lini? Ulilisomea wapi? Maktaba?"

Hapo ningesema maktaba. Neno lenyewe alishaniwekea mezani, kazi yangu ilikuwa kulichukua tu. Au ningesema basi, nimekubali, nikala njugu zangu, nikarudi Kitale nikiitwa Mwalimu aliyeshindwa kidogo tu. Lakini niliiona ile picha wazi kabisa, watu wenye kofia za manyoya na theluji mpaka magotini, na chini yake limeandikwa Astana. Nilikuwa sijakosea kusoma. Nikakasirika, na mimi nikikasirika uongo hunishinda.

"Sokoni Kitale," nikasema. "Nilisoma nikiwa nafungia mteja njugu. Hizi njugu mnazokula ni zangu, sikuzinunua njiani. Mimi sio mwalimu. Sijawahi kufundisha hata mbuzi. Niliacha shule darasa la sita, na yote ninayojua ni ya kwenye karatasi kama hizo mlizoshika."

Emmy mdomo wazi. Ili wasifikiri natania, nikachukua ile kadi ya swali mikononi mwa Rina, nikaiviringa mara moja kwa kidole, ikawa kikaratasi cha njugu, nikaisimamisha mezani, ncha juu.

Wabwile alikitazama kile kikaratasi. Kisha akauliza kwa sauti ya ofisini, "Gazeti lilikuwa la mwaka gani?"

"2011."

Akatikisa kichwa. "Basi ni kama Bujumbura, mama. Jina lilibadilishwa mwaka wa 2019. Huo mji sasa ni Nur-Sultan."

Mama. Sio Mwalimu. Nikaketi. Nilijiona mjinga wa mwisho, nimejivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya gazeti lililooza. Nikaanza kutafuta kijiko changu niondoke.

"Ngojeni kwanza," akasema Rina. "Sheria ni sheria. Amesema ametoa wapi, kwa hivyo lazima niangalie." Akatoa simu yake kwenye karai. Akaandika, akasubiri. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, nikatamani kuipiga ile simu na kopo. Emmy alikuwa ameinama juu ya bega lake, na ndiye aliyepiga kelele kwanza.

"Waaah! Auntie! Auntie!"

"Nyamaza nisome," akasema Rina, lakini yeye mwenyewe sauti ilikuwa imepanda. "Lilibadilishwa 2019 likawa Nur-Sultan, ni kweli. Halafu Septemba 2022 wakalirudisha. Mji unaitwa Astana. Leo, sasa hivi, unaitwa Astana! Kitabu changu ni cha 2020. Kumi kwa tisa, Phelista!"

Sikumbuki nilipanda juu ya nini, lakini nilikuwa juu. Niligonga kopo mpaka kijiko kikapinda. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia Emmy, nikamkumbatia mtu wa Misikhu ambaye nilikuwa nimemtukana kwenye kikundi mwezi wa tatu. Nilijua vizuri kwamba ni bahati. Gazeti langu lilichakaa, dunia ikazunguka ikarudi palepale. Sikujali! Nimeshinda!

Furaha ilipotulia nikamwona Rina amesimama chini ya vyeti viwili. Alikibandua changu, akakishika, akanitazama bila kujua aseme nini. *Bingwa: Mwalimu Phelista.* Aibu ikarudi yote kwa pamoja.

"Kichape upya," nikamwambia. "Toa hilo neno la kwanza. Andika Phelista tu, inatosha."

"Una uhakika?"

"Ndiyo." Na niliumia, sitaki kudanganya tena. Niliumia kuliko kushindwa.

Rina akaenda nyuma ya kaunta akawasha printa, ikaanza kunguruma. Watu walijifanya wanakunywa chai. Wabwile peke yake alikuwa bado kwenye kiti chake mezani. Alikuwa amemaliza njugu zake, na sasa alikuwa amekunjua ile karatasi, ameinyoosha kwa kiganja, amevaa miwani, anasoma. Alisoma mbele akageuza nyuma. Akaisogeza karibu na dirisha. Kisha akachukua kikaratasi kingine mezani, akamwaga njugu zake, akakikunjua, akaona sicho, akarudi kwa kile cha kwanza. Alianza kukasirika kabisa.

"Mwalimu!" akaita.

Sikugeuka. Hapo ndani kulikuwa na mwalimu mmoja tu na ndiye alikuwa anaita.

"Mwalimu Phelista, si nakuita wewe! Hapa imeraruka. Huyu kiboko ameingia harusini, wageni wamepanda juu ya meza, bwana harusi amekimbia, halafu karatasi imeisha. Wewe uliisoma. Mwishowe ikawaje?"

Duka lote likanigeukia, hata Emmy. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya mwalimu mkuu wa Kabuchai, nikajifuta pua kwa mkono wa blauzi, nikaanza kumweleza jinsi kiboko alivyokula keki, akalala kivulini, akaondoka mwenyewe saa kumi, na jinsi bibi harusi alivyokataa kuolewa na yule mwanamume aliyekimbia. Wabwile alicheka mpaka kalamu zikamwanguka mfukoni.

Nilipomaliza, Rina alikuwa ameshazima printa bila kuchapa kitu, na kile cheti chenye neno Mwalimu alikuwa bado amekishika mkononi.