Meza ya Mama Ngalula

Wewe unayesikiliza, nyumbani kwako waliwahi kuja watu watatu wakafunua masufuria na kuhesabu uma? Kama hawakuja, kaa kidogo, kwa sababu mwaka wa hamsini na tano, pale Elisabethville, kule Kongo, katika mtaa wa watu weusi ulioitwa sité ya Kenya, walikuja nyumbani kwa Agnès mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi, mvua za mwisho zikiwa zimekwisha. Agnès alikuwa amepiga deki sebule mara mbili, ameanika mito juani, na amesugua mlango wa choo kwa majivu mpaka ukang'aa kuliko mlango wa mbele. Nguo ya binti yake Madeleine, ya buluu yenye kola nyeupe, ilikuwa imetiwa wanga, inaning'inia msumarini, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kilichobaki ni meza. Saa mbili ikapita, saa tatu ikakaribia, meza haijafika. Agnès akatoka barazani, akaangalia barabara, akaiona inakuja polepole kutoka upande wa soko, inanyanyua miguu juu kidogo kwa sababu ya mchanga, na viti sita nyuma yake kwa mstari. Akasogeza ndoo ili ipate njia.

Meza ile ilikuwa ya mama Ngalula, aliyekaa barabara ya tatu, mke wa fundi wa reli, watu wa Kasai. Aliichongesha kwa seremala mmoja wa Kipushi, kwa mti wa mulombwa, mwaka ule mtoto wake alipoombewa nafasi katika shule kubwa ya Wazungu. Mtoto hakupata. Walisema choo kiko karibu na jiko. Meza ikabaki, na mama Ngalula akaona si vizuri kitu kama kile kilaliwe na kuku, akaanza kuiazima kwa kila nyumba iliyongojea kamisyo.

Kamisyo ndiyo wale watu watatu. Wakati ule mtoto mweusi aliweza kuombewa nafasi katika shule ya sekondari ya masista kule mjini, lakini kwanza nyumba ya wazazi wake ifanye mtihani. Nyumba ikishinda, ndipo mtoto aitwe kufanya wake. Ndivyo barua ilivyosema.

Mwanzoni meza ilipelekwa kwa mkokoteni wa pusupusu, na sahani, uma na kitambaa cheupe ndani ya kikapu juu yake. Baada ya nyumba ya saba ikawa imezijua njia, ikaanza kwenda yenyewe. Watu wa Kenya hawakuona tabu, ila mwenye duka la kutengeneza kinga, yaani baiskeli, aliomba ipite ng'ambo ya pili, maana viti vilikuwa vinamwangushia kinga za wateja. Sharti la mama Ngalula lilikuwa moja: meza irudi imepakwa nta.

Mume wa Agnès, Adalbert, alikuwa karani katika bohari ya vitambaa mjini. Wiki tatu nzima alikuwa akimfundisha mke wake kusema ndiyo kwa Kifaransa.

"Bakikuuliza kintu, unasema tu 'oui, madame'. Ile ingine yote uniachie miye."

"Na kama banauliza kintu ya kujibu 'non'?"

Adalbert alifikiri, kijiko kikiwa mkononi. "Habataiuliza," akasema.

Madeleine angetimiza miaka kumi na tatu mwezi wa kumi, na shule ile haikuchukua aliyevuka kumi na miwili. Kwa hiyo mwaka ule ulikuwa wake, na hapakuwa na mwingine. Kila alasiri aliketi nyuma ya jiko juu ya kinu kilichogeuzwa, daftari magotini, akigawanya hesabu za desimali na kutaja vituo vya reli kuanzia Sakania mpaka Port-Francqui bila kuruka hata kimoja. Alikuwa mtoto wa sauti ndogo, lakini akijua jibu alisimama. Alimuuliza mama yake kama wataanza na hesabu au na Kifaransa. Agnès alimwambia hesabu, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

Basi wakaja, kwa gari jeusi. Bwana wa utawala na mkoba wake wa ngozi. Madame wa fwaye, pale wanawake wanapofundishwa kupiga pasi, na glavu zake nyeupe. Na Casimir, karani mweusi kama sisi, aliyebeba wino. Walifunua sufuria ya sombe, majani ya muhogo, wakanusa. Walihesabu mashuka. Waliuliza nani analala wapi. Madame alipitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama. Akashika mikono ya Agnès, akaangalia kucha, upande huu na upande ule, akauliza kama anakula mezani pamoja na mume wake.

"Oui, madame," Agnès akasema.

Wakahesabu uma, zikawa sita. Madame akamsogelea Madeleine, akamwinamisha kichwa, akatazama ndani ya masikio na nyuma ya shingo, akapita. Mtoto alibaki pale ukutani na daftari lake kifuani, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayesikia jina lake linakaribia kuitwa. Agnès alimtazama Madame, akangojea. Madame akaangusha kalamu ya risasi. Meza ikakunja mguu wa mbele, ikaisukuma ile kalamu mpaka karibu na kiatu chake.

"Merci," Madame alisema, akamwambia Casimir aandike. Casimir akaandika.

Baada ya mwezi ikaja barua kwamba dirisha la chumbani halina pazia, kwa hiyo kamisyo itarudi. Hapakuwa na nyumba nyingine iliyongojea kamisyo, basi meza haikuondoka. Madeleine akahama kutoka kwenye kinu, akaweka daftari lake juu ya ile mbao laini. Alisoma kwa sauti, na meza ilisimama imara ili wino usitikisike. Akikosea, iligonga mguu mara moja chini. Siku za kwanza iligonga ovyo, pasipo kosa, na Madeleine alikuwa akiirekebisha kwa uvumilivu, anairudishia hesabu tangu mwanzo kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kufika mwezi wa sita ilikuwa inajua desimali, na asubuhi Agnès aliikuta imesogea mpaka ukutani, mbele ya ramani aliyoichora mtoto, imetulia.

Hawakula juu yake hata siku moja. Jioni walikaa uani juu ya mkeka kama sikuzote, wakamega ugali wao wa bukari kwa mkono, kwa sababu Agnès aliona aibu kumwagia mchuzi kitu cha mwenyewe.

Mara ya pili pazia lilikuwepo, la maua mekundu, kipande alichopewa Adalbert pale bohari. Bwana wa utawala aliweka karatasi zake juu ya meza, akaanza kujumlisha kilomita alizokwenda na gari juma lile. Akakosea. Madeleine, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake, aliona. Agnès alimuona anavuta pumzi na kunyanyuka kwenye vidole vya miguu. Lakini Adalbert pia alimuona, akamtolea macho, kwa sababu mtoto hamkosoi Muzungu, tena Muzungu mwenye faili. Madeleine akashusha visigino. Meza ikagonga mguu, mara moja. Bwana akarudia hesabu, akapata sawasawa, akaandika kitu katika faili yeye mwenyewe bila kumpa Casimir kalamu.

Wakati wanapanda gari Agnès alimwambia mume wake kwa sauti ya chini kwamba hawajamuuliza mtoto kitu. Adalbert alisema watamuuliza mara ya tatu, mambo haya yana utaratibu.

Mara ya tatu alikuja Madame peke yake na Casimir. Akanywa kahawa, akasifu nta, akaweka kiganja chake juu ya meza muda wote aliokaa. Madeleine alikuwa palepale ukutani, na nguo yake ya buluu sasa ilikuwa imeanza kuwa fupi. Madame aliuliza kama mama wa nyumba ana la kuongeza. Agnès alikuwa nalo. Alikuwa amelipanga tangu Jumapili, maneno manne tu ya Kifaransa aliyofundishwa na binti yake bila kumwambia ni ya nini. Adalbert akamuwahi, akasema mke wake hana la kuongeza, anashukuru sana.

"Oui, madame," Agnès akasema.

Barua ya mwisho ililetwa na Casimir mwenyewe, kwa kinga, mwishoni mwa mwezi wa nane. Hakukaa. Aliisoma akiwa amesimama barazani, kofia kwapani.

"Banamukamata ku shule?" Adalbert aliuliza.

"Banakamata meza," Casimir akasema.

Adalbert akaomba asome tena. Casimir akasoma tena, polepole zaidi. Nafasi ya sité mwaka ule ilikuwa moja, na imepewa meza ya mulombwa, iliyotembelewa katika nyumba kumi na mbili, na katika zote ilikutwa safi, imenyooka, yenye adabu, haiingilii wakubwa wakisema, na mwisho ikaonyesha kipaji katika hesabu. Na kwa kuwa anwani yake ya mwisho ni nyumba hii, Bwana Adalbert na Bibi Agnès ndio watakaotia sahihi kama wazazi.

"Na mutoto?" Agnès aliuliza.

Casimir akakunja barua kwa mikunjo yake ileile. "Mama, miye njo nilikuwa naandika, najua. Ku ukurasa wake kuko maneno mbili tu. Masikio safi."

Adalbert alijifungia chumbani, akaandika barua ya kuomba waangalie upya, kurasa tatu, Kifaransa chake chote alichonacho. Jibu lilikuja na mistari mitano. Mtoto atapita umri mwezi wa kumi. Shule ya kushona na kupika pale sité ina nafasi, na atapokewa Jumatatu.

Mama Ngalula aliposikia alikaa kwenye kizingiti. Kisha akasema ni meza yake, na kwamba mtoto wake walimkataa sababu ya choo. Hakuwa na furaha wala hasira, alikuwa anaweka mambo mahali pake. Akina mama wa zile nyumba kumi na mbili wakaja kuishonea yunifomu, kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu, na wakati wa kushona mmoja wao, jina lake Mujinga, aliyekosa nafasi mwaka uliotangulia, akawachekesha.

"Mwaka unaokuya natuma kabati yangu. Ile iko na kinywa ya kufunga na funguo. Itawashinda bote, na bwana yangu pia."

Wakacheka. Madeleine, aliyekuwa anawatungia uzi kwenye sindano, hakucheka, lakini hakuacha kutunga.

Siku ya kwanza ya masomo walitoka saa moja asubuhi. Meza mbele, na yunifomu yake. Adalbert na suti. Agnès na kitambaa kipya kichwani. Madeleine nyuma yao akibeba mkoba wa meza, kwa sababu meza haina mikono. Wakavuka lile eneo tupu ambalo sheria ililiacha kati ya sité na mji, majani yameungua, vumbi jekundu likipanda mpaka kwenye ukingo wa kitambaa. Mwishoni mwake polisi aliomba karatasi. Adalbert akatoa barua ya shule. Polisi akaisoma, akaiachia meza ipite, kisha akawaomba wengine watatu karatasi zao.

Mjini, miti ilikuwa inaanza kutoa maua ya zambarau. Getini palikuwa na Sista mkuu, na funguo kiunoni, mwanamke aliyekaa Katanga miaka mingi na kusema Kiswahili cha misheni. Akaikaribisha meza. Ikapanda ngazi tatu bila kugusa ukuta. Kwa dirisha la darasa walionekana wasichana wa Kizungu wakisogeza madawati yao, wakaiachia nafasi mstari wa mbele, karibu na ubao. Ikaingia, ikasimama. Hakuna aliyegeuka mara ya pili. Kengele ikalia, na sauti ya mwalimu ikasikika ikiuliza hesabu, na mguu ukagonga sakafuni, na mwalimu akasema vizuri sana.

Sista akachukua mkoba kutoka mikononi mwa Madeleine bila kumtazama, akafungua daftari kubwa la shule. Adalbert akatia sahihi, herufi zake nzuri za karani. Sista akageuza daftari upande wa Agnès, akampa kalamu, akamwambia atie msalaba pale chini, kisha wanaweza kurudi nyumbani kwa amani na kumshukuru Mungu.

Adalbert akasema oui, ma sœur.

Agnès hakuipokea kalamu. Adalbert akamgusa kiwiko. Agnès akakivuta.

"Ma sœur, mara tatu bantu benu balikuya kwangu," akasema. Sauti yake haikupanda. "Balifungula sufuria. Balitazama kucha zangu, balitazama choo. Mutoto alikuwa anasimama ku kibambazi na daftari yake, banapita. Miye sikutaka kintu mingi. Nilikuwa nataka bamuulize. Ata kintu moya tu. Kama ni kukosa, akose ye mwenyewe."