Kwezi Ndani ya Mlingoti

Mlingoti wa Mwalimu Kahigwa niliusimamisha mimi mwenyewe, pale Butimba, Mwanza, miaka tisa iliyopita. Mabomba mawili ya chuma ya inchi tatu, nikayachomelea yakafika mita kumi na mbili. Chini nikaweka bamba la boliti nne, juu nikaacha wazi. Juu nani angechungulia? Nikaondoka zangu, Kigoma, Mpanda, mpaka Mbeya. Sijawahi kukaa mahali mvua mbili.

Kahigwa alifundisha fizikia mpaka akastaafu. Ana redio ya ridhaa, ile isiyopiga muziki wala kusoma habari. Watu wa dunia nzima wanaitana hewani, kila mtu akiwa kwake, wanajuliana hali, basi. Mlingoti ule ndio ulioshika waya wake wa kunasia mawimbi.

Mwaka huu nilipopita Mwanza nikaenda kumsalimu. Mkewe, Kokulinda, akanipokea mlangoni.

"Karibu, shemeji Ojwang. Kila ukija wewe kuna kitu kinapandishwa au kinashushwa."

"Leo nimekuja kula tu."

"Basi utakula ugali mkavu. Friji imezimwa tangu jana, sato wameoza wote. Mwalimu anasema friji inamkwaruzia redio."

Nikamkuta chumbani, hedifoni masikioni, uso umekunjamana. Akanieleza. Kuna kisiwa cha barafu, kusini kabisa kwa dunia, hakuna anayeishi huko. Watu wa redio wamekwenda kwa meli wakakaa siku kumi, na leo saa kumi na moja jioni wanafunga mitambo.

"Nimekitafuta kisiwa hicho miaka ishirini na sita," alisema. "Wakiondoka leo, kwa umri huu, ndiyo basi tena."

Akanivalisha hedifoni. Kwanza nilisikia kama mchele unamwagika kwenye bati. Halafu, chini ya ule mchele, mtu. Sauti nyembamba, imechoka, inataja herufi na namba. Nyuma yake niliusikia upepo ukipiga hema lake. Nimetembea sana, lakini sikuwahi kufikiri kuwa upepo wa barafu unaweza kuvuka bahari yote ile na kuingia chumbani Butimba mchana wa jua kali.

Kisha nikasikia: krrr, krrr.

"Ndiyo hiyo," Kahigwa akasema. "Nimebadilisha nyaya, nimezima friji, wapi."

"Zima redio."

"Una wazimu? Leo?"

"Dakika moja tu, Mwalimu."

Akazima. Krrr, krrr. Ikaendelea vilevile.

Tulitazamana. Sauti ilikuwa inatoka ukutani, pale mlingoti ulipofungwa kwa pingu ya chuma nje ya dirisha. Nikatoka, nikaweka sikio kwenye bomba. Humo ndani kulikuwa na kucha. Zinapanda, zinapanda, zinateleza, kimya. Halafu zinaanza upya.

"Ndege," nikamwambia. "Kaingilia juu. Humo hawezi kukunjua mbawa, na chuma hakina pa kushika."

"Toboa chini."

"Tundu la kupitisha ndege litaukata nusu, utatuangukia. Ni kuulaza."

"Na kuuinua?"

"Watu wanane. Kesho, tukiwapata."

Akatazama saa. Ilikuwa saa nane na robo.

"Wakishafunga, tunaulaza. Amekaa humo tangu jana, hatashindwa saa tatu zaidi."

Kokulinda alitoka nje. Alikwenda akaegemeza shavu kwenye bomba, akabaki hapo.

Kahigwa akarudi kwenye kiti, akaanza kuita. Anaita, anasubiri. Wale wa kisiwani wanamjibu Mjapani, wanamjibu Mbrazili. Mimi nilisimama nje ya dirisha, kiganja kwenye chuma, nikimfuata yule ndege anavyopanda. Mwanzoni alifika usawa wa bega langu.

"Sasa anaishia kiunoni," nikasema dirishani.

"Usiniambie."

Akaita tena. Wakamjibu mtu wa Italia.

"Gotini, Mwalimu."

Akaondoa hedifoni sikio moja. "Bado anapanda?"

"Ameacha. Anakwaruza tu."

Nilisikia swichi. Alipotoka alikuwa na spana mkononi, hedifoni bado inaning'inia shingoni.

Majirani wawili wakaja kushika kamba. Tuliizungusha kwenye shina la mwarobaini, tukafungua pingu, tukaulaza mlingoti polepole mpaka ukagusa majani. Nikafungua boliti za bamba, nikainua ncha ile nyingine kidogo.

Kwanza likatoka vumbi. Kisha manyoya, rundo, yamegandamana kama godoro kuukuu. Kisha mifupa. Mafuvu madogo kama kunde, yanagonga mawe kwa mlio mwepesi sana. Mdomo mrefu wa kigogota. Kucha za bundi mdogo. Shomoro wakavu, wamekunja miguu, tabaka juu ya tabaka, wa miaka yote tisa, na kila mmoja alikuwa amewakanyaga waliomtangulia. Majirani waliiachia kamba bila kuambiwa. Kokulinda alivua kanga yake ya begani, akaitandaza chini ya mdomo wa bomba.

"Hawa wote walikuwa wanakwaruza?" Kahigwa akauliza.

"Wote."

"Na mimi nikadhani ni redio, nikabonyeza vitufe."

Bomba likanyamaza. Tulingoja. Mwishoni akatoka kitu cha rangi ya majivu, kinyumenyume, kikalala ubavu kwenye kanga. Kokulinda akamwekea maji kwenye kifuniko cha chupa. Akanywa. Akanywa tena, akajikung'uta, na vumbi lilipomtoka tukaona ni kwezi: buluu inayowaka, kijani, zambarau, rangi ambazo jua lilikuwa halijazigusa tangu jana. Kisha akaruka, chini chini kwanza, akapanda juu ya mapaa, akashika njia ya mawe ya ziwani.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Kahigwa aliingia ndani akawasha redio, waya wake umelala kwenye majani. Kuita, asingesikika, lakini kusikia, kwa mbali sana, alisikia. Alikaa na ile sauti mpaka mwisho.

"Wameaga," alisema alipotoka. Akaitazama kanga muda mrefu. "Milingoti mingine umesimamisha mingapi hapa mjini?"

"Miwili. Nyakato mmoja, na mwingine kule njia ya Bujora."

"Juu uliifunga na nini?"

"Sikuifunga."

Akaenda kuchukua spana. Mwanga ulikuwa bado upo, tukaanza na ule wa Nyakato.