Mama Hakulala

…macho kabisa, Yusrah! Macho kama mimi na wewe!

Ngoja nianze vizuri. Unajua mama yangu miaka mitatu iliyopita walimpitisha kamera ya utumbo wakamtoa kinyama, wakasema kingeachwa kingegeuka kansa, kwa hiyo arudi kuangaliwa tena. Ndiyo leo. Alitoka Kilosa jana, kalala kwangu hapa Mikumi, kanywa ile dawa ya kusafisha tumbo, choo changu sitaki kukielezea.

Asubuhi hospitalini nesi kaja na sindano ya usingizi. Mama kagoma. Eti haiwezekani kitu kiingie mwilini mwake yeye hakioni. Daktari Ditram kambembeleza weee, mwisho kamwacha. Mama kavumilia mpaka mwisho, anaangalia utumbo wake kwenye tivii. Wamekuta kinyama kingine, wamekitoa.

Sasa dirishani. Kwenye simu walituambia laki tatu. Yule kaka wa malipo, Frank, kamwamkia mama vizuri tu, shikamoo, marahaba, halafu kasoma laki nne na themanini. Kuna kutoa kinyama, kuna maabara, kuna vikorokoro, na dawa ya usingizi elfu themanini. Sisi tuna laki nne, nauli ya mama humo humo. Frank akashauri basi kinyama kisiende maabara kwanza, tukipata hela turudi.

Mimi nikaanza kulialia. Mama hata hakunitazama.

"Mwanangu, kinyama changu kinaenda leo. Na usingizi silipi, sikulala."

Frank akasema kwenye kompyuta wagonjwa wote wa kamera wanalazwa usingizi.

"Basi mpigie daktari umuulize, ng'ombe wake wa Magole keshazaa? Maana kamera ikiwa tumboni mwangu alikuwa anamwambia nesi amepitiliza wiki, na yeye hana hakika na yule dume wa jirani."

Yusrah, foleni nzima ikasogea kusikiliza. Frank kapiga simu, kauliza hivyo hivyo, ng'ombe na dume. Tukamsikia daktari anacheka mpaka anakohoa. Elfu themanini ikafutwa pale pale, tukalipa laki nne kamili, na kichupa cha kinyama nimekiona kwa macho yangu kinaingia kwenye boksi la maabara. Nyuma yetu watu wanakunjua karatasi zao wanasoma. Babu mmoja wa Kidodi anauliza, glavu jozi sita za nini?

Nauli sasa hatuna. Nikasema nitatoa mimi, mama hataki kusikia. Tumefika nyumbani kavaa miwani, kaisoma risiti mstari kwa mstari. Kakuta "kitanda cha kuzindukia, elfu thelathini."

"Nizinduke nimetoka wapi?" ananiuliza mimi.

Sasa hivi kakipiga pasi kitenge chake cha Jumapili. Kesho saa mbili asubuhi tuko dirishani kwa Frank, na kesho hiyo hiyo, hata kabla sijanywa chai, nakupigia nikwambie mama karudi Kilosa kwa nauli ya nani.