Maziwa ya Koko

Sufuria hiyo ilitoka Ubelgiji ndani ya sanduku, imezungushiwa mataulo mawili isivunjike, na nilipoifungua nilitamani kulia. Si kwa furaha. Nilikuwa nimemwomba wifi yangu Uwineza aje mwezi mmoja tu, anisaidie kumuuguza mama yake mzazi, angalau nilale siku mbili tatu kama watu. Yeye akatuma sufuria ya umeme.

Inapika polepole, alinieleza kwenye WhatsApp kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Unaweka chakula, unakwenda kazini, unarudi kimeiva. Akanitumia na maelekezo ya pudini isiyo na sukari, isiyo na unga, isiyo na maziwa ya ng'ombe. Mayai na nazi basi. Akasema itamfurahisha mama. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wifi yangu yuko Liège, na anajua kila kitu kuhusu mama yake isipokuwa uzito wake unapomwinua kutoka bafuni.

Mama mkwe wangu, Anonciata, ana miaka sabini na minne. Alilelewa Bukavu, ng'ambo ya mto, kama wengi wetu hapa Mururu, kisha akarudi Rwanda na watoto wanne na redio moja. Ugonjwa wa sukari anao mwaka wa kumi na moja huu. Huo peke yake tungeumudu. Lakini tangu mwaka juzi alipougua tumbo, maziwa nayo yamemkataa. Akinywa kikombe kimoja anaharisha mpaka anaishiwa nguvu, na sukari inapanda na kushuka ovyo. Mara mbili amekunywa kwa siri, mara mbili tumembeba hospitali. Mara ya pili daktari aliniita pembeni akaniambia figo za huyu mama zimechoka, na likitokea tena hawezi kuniahidi kwamba nitarudi naye nyumbani.

Sasa jaribu wewe kumweleza mama wa Kinyarwanda wa umri ule kwamba asinywe maziwa. Kwake maziwa ni heshima kabla ya kuwa chakula. Mgeni anapewa maziwa, bibi arusi anapewa maziwa, mzee anawekewa ya kwake kando kabla mtu mwingine hajaonja. Mzee asiyewekewa maziwa ni mzee aliyetupwa. Na kwa kuwa mume wangu Valens anaendesha lori la saruji kutoka Bugarama na nyumbani anaonekana Jumapili tu, aliyemtupa mama ni mimi.

Aliwahi kuwaambia hivyo wamama wa Legio Maria waliokuja kumwombea. Nilikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alisema katika nyumba hii analishwa majani kama sungura, tena sungura naye huwa anachaguliwa majani. Wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikatua sinia, nikaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kufikia mwezi wa tatu alikuwa ameanza kukataa hata hayo majani. Samaki wadogo wa sambaza, mchicha wa lenga-lenga, mayai, vyote alivisukuma kwa kijiko hadi ukingoni mwa sahani. Asipokula, muuguzi ametuonya, tusimchome sindano, maana sukari itaanguka. Asipochomwa, inapanda. Kwa hiyo kila jioni nilisimama mbele yake na sindano mezani, miguu inawaka moto, nikimbembeleza mtu mzima ameze vijiko vitano. Nafundisha darasa la tatu, watoto hamsini na wanane. Nikisema nimechoka sitafuti huruma ya mtu. Nataja hali ilivyo, kama mtu anayesema nje kunanyesha.

Ndiyo maana nikajaribu pudini. Imani sikuwa nayo. Nilikuwa nimeishiwa mawazo mengine.

Minazi hatuna huku kwenye vilima. Tui tunalipata kwenye makopo, katika duka moja la Kamembe, na kwa sababu kopo limeandikwa kwa Kifaransa, sisi tunaliita maziwa ya coco. Nikanunua makopo manne. Mara ya kwanza niliweka moto mkubwa, nikijidai nina haraka. Nikapata mayai ya kuvuruga yanayoelea majini. Mara ya pili niliweka moto mdogo, lakini jasho la kifuniko likadondoka juu ya pudini likaitoboa mashimo, ikawa inavuja maji kila upande. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, akifuatilia yote. Saa mbili zikapita sufuria haijatoa hata mlio. Akaibatiza jina: la paresseuse, mvivu. Akasema kumbe Uwineza amenitumia mdogo wangu. Kwa kweli lilinichekesha, lakini niligeukia ukuta. Sikuwa tayari kumpa hilo.

Jumatano nilijaribu tena, na safari hii nilikuwa nimeshapata somo. Nilipiga mayai matano taratibu bila kuyatoa povu, nikayachanganya na makopo mawili ya tui lililopashwa moto kidogo, mdalasini, ganda la limau lililoparuzwa, na zile tembe ndogo za utamu zinazouzwa duka la dawa. Nikachuja kwenye bakuli, nikaliweka bakuli ndani ya sufuria, nikamimina maji ya moto kulizunguka hadi nusu. Kisha nikatandaza kitambaa cha jikoni chini ya kifuniko, kinywe lile jasho. Hiyo ndiyo siri yenyewe, na wifi yangu katika dakika zake sita hakuitaja. Nikaweka moto mdogo, nikaenda kuwafundisha watoto kutoa kwa kukopa. Shule haiko mbali. Mapumziko ya saa nne nikakimbia nyumbani, nikaikuta imeshika kandokando, katikati inatikisika kidogo tu. Nikazima, nikaiacha ipoe, nikarudi darasani nikiwa na chaki kwenye nywele.

Jioni nilimwambia mama mkwe kwamba akila kidogo kuna kitu baadaye. Kwa udadisi, si kwa utii, akala sambaza wanne na kijiko cha lenga-lenga. Nikamletea kibakuli. Pudini ilikuwa nyeupe, laini, na ilitetemeka nilipoiweka mezani. Aliitazama muda mrefu.

"Njo nini hii?"

"Njo maziwa ya coco, Maman."

Nilisema hivyo tu, kama ningemwambia muuza duka. Lakini niliuona uso wake ukibadilika, nikaelewa ni nini alichosikia. Binti yangu Iriza, ambaye sasa yuko shule ya bweni, tangu alipoanza kusema alimwita mama mkwe Koko, yaani bibi, neno la Kilingala tulilokuja nalo kutoka Bukavu. Watoto wote wa mlima huu wakafuata. Hata padri humwita Koko. Sasa Koko mwenyewe hakusikia habari ya nazi. Alisikia kwamba haya ni maziwa ya bibi, yaliyowekwa kando, ya kwake.

"Uliniwekea," akasema polepole. "Kumbe unaniwekeaka."

Alikula kibakuli chote akakwangua na chini. Kisha akapandisha blauzi yake mwenyewe, bila kuambiwa, nimchome sindano tumboni. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika baba mkwe.

Ningeweza kumsahihisha. Ilikuwa kazi ya neno moja: nazi, Maman, nazi. Nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka jioni moja, moja tu, ambayo mimi si mtupaji wa wazee. Nikaosha kibakuli nikaenda kulala.

Jioni moja ikawa tatu. Alhamisi alikula kila kitu. Ijumaa aliuliza kama mvivu ameshaanza kazi yake, na alipouliza alikuwa anatabasamu. Kipimo cha asubuhi kilisoma namba nzuri ambazo sikuwa nimeziona tangu Krismasi, nami nikalala mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika. Nilisikia akimwambia mtu aliyepita barabarani kwamba mukazana wake, yaani mimi mke wa mwanawe, anamwekea maziwa. Dhamiri hainisumbui haraka, nakiri. Nilijisikia vizuri sana. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakati unaitembea huoni mwisho wake.

Jumamosi ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Nilikwenda na majirani kuzibua mifereji ya barabara, tukamaliza karibu saa tano, nikarudi na matope hadi magotini. Ndani nikasikia sauti ya Nsimire. Huyu kwa kabila ni Mushi, aliyeolewa upande huu wa mto, rafiki wa mama mkwe tangu walipokuwa wasichana wa Bukavu, na ana ng'ombe mmoja. Habari ya katazo la daktari aliijua. Kwa miaka miwili amekuwa akija kututembelea mikono mitupu, na kila mara anaomba radhi kwa hilo. Siku hiyo kulikuwa na bidoni ndogo ya maziwa sakafuni karibu na miguu yake, na mama mkwe alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kimejaa, povu bado liko juu.

Hakuwa amekunywa. Alikuwa ananisubiri mimi niingie, ili anywe nikiona.

Akanieleza kwa furaha kwamba Nsimire amesikia habari njema, kwamba katika nyumba hii maziwa yamerudi. Basi ameona alete ya ng'ombe wake, ili yale ya kwangu yasiishe. Nsimire akanishukuru, akasema Mungu atanilipa. Nilisimama mlangoni na jembe mkononi. Nilifikiria kusema daktari amepiga simu. Nilifikiria kujikwaa na kumwaga kikombe. Nilifikiria hata kunyamaza kama nilivyonyamaza Jumatano, na wazo hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu lilikuja kwa urahisi. Mama mkwe akainua kikombe.

"Maman, usikunywe," nikasema. "Ile haikukuwa maziwa. Ilikuwa coco. Nazi, ya mu kopo."

Kikombe kikasimama karibu na mdomo.

"Haukusema ya Koko?"

"Hapana, Maman. Sikusema."

Nsimire akaangalia sakafu. Mimi nilipoanza sikuweza tena kuacha. Nikamwambia mama mkwe kwamba nilimwona akikosea na nikamwacha akosee. Nikamwambia alichosema daktari kuhusu figo, jambo ambalo mimi na Valens tulikuwa tumemficha, na kwamba kikombe hicho kinaweza kuwa cha mwisho. Nikamwambia nalala masaa manne tu kwa usiku, kwamba mguu wa kushoto unavimba, kwamba sijui tena kama ninampenda au ninamhudumia tu, kwa sababu mtu akichoka kiasi hiki hawezi kutofautisha. Yote yalitoka shaghalabaghala, mbele ya mgeni. Nilikuwa sijawahi kutamka neno nimechoka ndani ya nyumba ile.

Mama mkwe alikitazama kikombe, akazeeka pale pale kwenye kiti. Nsimire akanyoosha mkono ili akichukue, kisha akaurudisha mwenyewe. Maziwa yakiletwa hayarudi. Kumrudishia mtu maziwa yake ni kumwambia asikanyage tena hapa, na kuyamwaga ni kumlaani ng'ombe wake. Sisi wote watatu tulilijua hilo. Nilidhani mama mkwe atayanywa kwa hasira, na nilijua sina nguvu ya kumnyang'anya.

Akaninyooshea mimi kikombe.

"Kamata. Kunywa weye."

Nikasema nitakunywa baadaye, ngoja kwanza ninawe, nipashe chakula, saa ya kula inakaribia. Nilisema hayo huku nikigeuka kwenda jikoni, kwa mazoea. Akapiga kiti kilichokuwa pembeni yake kwa kiganja, mara mbili.

"Ikala kwanza. Maziwa habakunywake na kusimama."

Nikabaki pale na jembe langu, sijui niliweke wapi. Nsimire akainuka akanipokea.

"Miaka kumi na sita uko mu hii nyumba," mama mkwe akasema, na hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia kikombe. "Hakuna muntu alikuwekeaka."

Nikakaa. Nikayanywa yote, taratibu, na matope yangu, na muda wote huo hakuna aliyeniita nikafanye kazi.