Oili Chafu Chini ya Mfuniko

Injini ya kuvuta maji ya mtaa wetu kutoka kisima kirefu ilikuwa ikibadilishwa oili kila baada ya wiki tatu, na kwa miaka sita kazi hiyo ilikuwa yangu. Unalegeza nati ya chini, unakinga sufuria kuukuu, oili chafu inashuka nyeusi na nzito, bado ya moto. Ukimaliza unaibeba nyuma ya banda. Huko kuna mfuniko wa zege, wa duara, upana wake kama kitanda, na katikati yake kimetokeza kipande cha bomba. Unaweka faneli kwenye bomba, unamimina. Unaisikia ikishuka kwa muda, halafu husikii kitu.

Chini ya mfuniko ule kuna kisima cha zamani. Nilijua. Kila mtu mtaani alijua, ila tangu injini ije hakuna aliyekuwa na haja ya kukikumbuka.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kazi. Ni kaka wa mama yangu, fundi wa injini, na mtaa mzima unamwita Spana kwa sababu hata msibani anakwenda nayo mfukoni. Nilipomaliza shule ya msingi na ada ya kuendelea ikakosekana, alinipa ufunguo wa banda. Zamani yeye alikuwa akimwaga oili chini ya ukuta. Watoto wakaikanyaga, wakaingia nayo majumbani. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mshonaji mwenye sauti inayofika mtaa wa pili, akaja juu: asione tena hata tone la oili mtaani kwake! Ndipo Mjomba akaliona lile bomba. Kwenye kikao kilichofuata Mwenyekiti alimsimamisha, akasema watu wapige makofi, Spana ni mtu msafi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kupima pipa la dizeli. Kila asubuhi nilizamisha fimbo yenye alama, nikasoma vidole vimebaki vingapi, kisha nikakwaruza mstari mmoja ukutani kwa msumari. Siku ya gari la mafuta nilichora duara. Zamani kati ya duara na duara kulikuwa na mistari saba. Mwaka huu ikawa kumi. Ikawa kumi na nane. Nikamwita Mjomba aone.

"Siku hizi umekuwa mwalimu?" aliniuliza.

"Gari linachelewa, Mjomba."

"Kuchelewa ni ajabu? Wewe mwenyewe mama yako alikungoja miezi kumi."

Alicheka peke yake. Mimi niliendelea kukwaruza.

Mashine ya kusaga ndiyo iliyonyamaza kwanza. Halafu pikipiki zikaanza kusukumwa na wenyewe, wamevaa kofia ngumu kichwani kana kwamba wamezipanda. Mtaa ukawa kimya kiasi kwamba mtu akikohoa nyumba ya tatu unamwambia pole. Fimbo ilipoonyesha vidole vinne, Mwenyekiti aliita watu wote mbele ya banda.

"Kuanzia kesho, maji saa moja tu, siku moja ndiyo, siku moja hapana," alisema. "Barua ya kuomba sola tuliandika. Jibu mnalijua."

"Jibu lipi?" mtu akauliza.

"Ndilo hilo hilo."

Watu wakacheka, lakini cheko fupi. Ndipo mwashi, ambaye tunamwita Timazi kwa jinsi anavyosimama wima, akanyoosha mkono.

"Na kisima cha zamani je? Tuvunje mfuniko, tufunge kapi na kamba. Kile hakinywi dizeli."

Mtaa mzima uliamka. Mama yake Mjomba, bibi yangu, ndiye aliyefurahi kuliko wote. "Mimi nimekunywa maji yale mpaka nikaolewa," alisema. "Matamu! Haya ya injini yana ladha ya msumari." Wakakubaliana Jumamosi asubuhi.

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa ameingiza mkono mfukoni, ameshika spana yake, anatazama viatu vyake.

Jioni nilimfuata uani, akinawa mikono ambayo siku hiyo haikuwa na uchafu wowote.

"Mjomba, utawaambia?"

"Niwaambie nini? Labda imeshakauka."

"Oili haikauki. Wewe ndiye uliyeniambia."

Alijifuta vidole kimoja kimoja. "Mwanangu, ukifungua mdomo hawatauliza nani alianza. Watauliza nani anashika ufunguo."

Ijumaa nilishinda bandani. Watu walipita wakiniamkia vizuri kuliko siku zote. Mmoja aliniletea kamba mpya niitazame, akaniuliza kama itafika chini. Nikamwambia itafika.

Jumamosi walifika mapema, ndoo mkononi, watoto na vikombe. Bibi alikuja na kikombe chake cha bati. Timazi akavua shati, akainua nyundo, akapiga. Zege halikuvunjika, ila kutoka kwenye bomba ilipanda harufu ninayoijua kama jasho langu. Wengine walidhani ni ya banda.

Kusema mbele ya watu sikuwahi kuweza. Nikaingia bandani, nikaichukua fimbo ya kupimia, nikaifunga kwenye ile kamba mpya. Timazi akashusha nyundo, akanipisha. Niliishusha fimbo ndani ya bomba mbele yao wote, nikaiacha izame, nikaivuta.

Ilitoka nyeusi vidole vyote, mpaka juu. Ikadondoka kwenye miguu yangu.

"Nani?" Mwenyekiti aliuliza. Siku hiyo sauti yake haikufika hata ukutani.

"Mimi. Miaka sita."

Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa shimo. Nilihesabu pumzi. Ya nne, ya tano.

"Na mimi mitano, kabla yake," Mjomba alisema. "Mimi ndiye niliyempa faneli."

Mwenyekiti akakaa chini, juu ya zege lenyewe. "Na mimi nikakupigishia makofi," alisema.

Bibi alikigeuza kikombe chake, akakitazama ndani, akakirudisha mfukoni. Alikwenda nyumbani bila kumsemesha mwanawe, na hajamsemesha mpaka leo.

Timazi ndiye aliyeokota maneno. Alisema maji ya chini yanafuata mteremko, kwa hiyo tuchimbe upande wa juu, mwisho wa uwanja wa mpira, na tuchimbe kabla dizeli haijaisha. Kila nyumba ikatoa mtu. Wasiochimba walifunga mifereji kwenye mabati, ingawa mvua ilikuwa mbali. Mjomba alishuka shimoni wa kwanza kila siku, akatoka wa mwisho. Mimi sikunyang'anywa ufunguo. Niliongezewa kazi: kila ndoo ya udongo iliyopanda, niinuse.

"Pua yako inamjua," Mwenyekiti alisema. Walikuwa wameanza kuitaja oili kama mtu.

Siku ya tisa fimbo ilitoka kavu kwenye pipa la dizeli. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza katikati ya dumu la mtu. Siku mbili tulikunywa akiba ya majumbani, kikombe kwa kikombe, na hakuna aliyeoga. Siku ya kumi na moja ndoo ikapanda na mchanga uliolowa. Wote wakanigeukia. Niliinamisha uso mpaka mchanga ukanigusa mdomo.

Harufu ya udongo. Udongo mtupu.

Walipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Chini shimoni nilimsikia Mjomba akilia, au akicheka, sikujua. Timazi peke yake alinisogelea.

"Oili ile ya kule inatembea?" aliuliza taratibu.

"Inatembea."

"Kwa mwendo gani?"

"Sijui."

Sasa kila asubuhi ndoo ya kwanza ni yangu. Watu wanasimama kwenye mstari mpaka nitingishe kichwa kukubali, ndipo wanachota. Kisha nakwenda bandani nakwaruza mstari wangu. Gari la mafuta lilipita juzi, dereva akauliza tunataka mapipa mangapi. Mwenyekiti alimwambia moja, la mashine ya kusaga.

Leo ndoo nimeinusa mara mbili. Mara ya pili sikupata kitu, nikawaruhusu wachote. Lakini Mjomba alikuwa ameniona. Aliingia bandani, akatoka na sururu, akapita kando ya mstari wa watu, akaanza kupanda mteremko juu ya kisima kipya akihesabu hatua.