Si Mahakama Hii

Mhuri ulikuwa mkononi mwangu, umeshalowa wino, na jina lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka lilikuwa la mdogo wangu.

Wakili aliyeileta alikuwa kijana, shati limemganda mgongoni kwa jasho. "Shikamoo, mama. Samahani, nina haraka. Mwaka mmoja unaisha leo."

"Marahaba," nikasema. Nilijua kwamba unaisha leo. Nyumbani kwetu siku hizo tulizihesabu moja moja, tangu gazeti dogo la mdogo wangu lilipoandika kwamba mwenyekiti wa bodi ya hospitali anauza dawa za wagonjwa kwenye maduka yake. Mwenyekiti aliapa kumfunga. Sheria yetu humpa aliyekashifiwa mwaka mmoja wa kufungua kesi ya jinai. Ukipita, imekula kwake.

Sasa, kijana wa watu alikuwa amekosea mlango. Kashfa ya jinai si kesi ya mahakama ya wilaya kama yetu. Husikilizwa na mahakama ya mkoa, tena si mkoa wowote: ni ule gazeti lilikochapishwa, au ule mlalamikaji alikokuwa akiishi siku hiyo. Gazeti lilichapishwa mkoani, na mwenyekiti anaishi huko huko. Wakili alikuja kwetu kwa sababu mdogo wangu anaishi hapa. Ni kosa la wengi. Hudhani kila kesi humfuata mshtakiwa nyumbani kwake.

Nikigonga mhuri, faili litakwenda kwa hakimu Jumatatu, naye atalitupa kwa kukosa mamlaka, na mwaka utakuwa umeshakwenda zake. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu. Lo! Kunyamaza, mimi! Miaka kumi na tisa katika masjala ile wameniita Mama Si-Hapa, kwa sababu sipokei faili kabla ya kuuliza: jambo limetendeka wapi, nani anaishi wapi, na lini. Nimewarudisha mawakili wenye mvi zao, wakanuna, kesho yake wakaja kunishukuru.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika arobaini. Masjala ya mkoa hufungwa saa tisa na nusu, na safari ni ya saa mbili, ukiwa na gari zima na dereva asiye na mizaha. Nikajiambia, poteza saa moja tu. Nikalamba kidole, nikafunua kurasa polepole. Nikahesabu viambatisho, nikavihesabu tena.

"Mama, kuna tatizo?"

"Subiri, baba. Haraka haraka haina baraka."

Nilijichukia kwa methali hiyo.

Akacheka kwa wasiwasi. "Sawa. Bosi wangu alisema nikikukuta wewe nisiwe na shaka. Faili likipotea njia, utaniambia." Akaitazama saa yake. "Hapa ndipo penyewe, sivyo?"

Nikamfikiria mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mama alipolazwa miezi mitatu. Nikafikiria pumu yake na sakafu ya saruji ya mahabusu. Alikuwa na stakabadhi za dawa zile, moja baada ya nyingine, lakini ukweli haujawahi kumzuia mtu kulala ndani. Nikamfikiria mwenyekiti pia, na nasema kweli, nilimtakia mabaya yote ninayoyajua. Kisha nikawaona wote waliowahi kusimama mbele ya kaunta ile wakaondoka na neno langu tu, kwa sababu hawakuwa na jingine la kushika.

Nikaweka mhuri chini.

"Si hapa," nikasema. "Nenda mahakama ya mkoa. Kimbia, mwanangu."

Hakuuliza mara mbili. Alizoa karatasi zake, akanishukuru akiwa tayari mlangoni. Nikatoka hadi kwenye varanda, nikampigia simu mdogo wangu.

"Wanakwenda mkoani. Tafuta wakili leo hii."

"Nani kawaelekeza?"

"Mimi."

Nikamsikia akivuta pumzi kwa shida. "Dada," akasema, "ungenyamaza tu." Simu ikakatika.

Polisi walimchukua kesho yake, Jumamosi alfajiri. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mkoani, nimevaa nguo zangu za kazini, kitambulisho na barua ya mwajiri mkononi, nikaomba kumdhamini. Mama alikataa kupanda gari moja na mimi. Mdogo wangu alisimama kizimbani akikohoa, amekonda kwa siku mbili utadhani ni mwezi.

Katika mahakama ile, kabla mdhamini hajapokelewa, mshtakiwa huulizwa kama anamkubali.

"Unamfahamu mama huyu?" hakimu akauliza.

"Ni dada yangu."

"Unamkubali akudhamini?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na pale sikuruhusiwa kusema hata moja. Akafungua mdomo, akakohoa, akainamisha kichwa.

Hakimu akaweka kalamu chini, akarudia swali.